Kanuni Zilizomo Ndani ya Mita: Nani Huamua Mkazi Anaponunua Umeme



Mkazi anampa mtoto shilingi 5,000 aende kwa wakala akanunue umeme. Mtoto anarudi na karatasi yenye uniti 1.4. Zogo linaanza nyumbani: wakala amekula fedha, au mtoto amepitia dukani, au TANESCO wamepandisha bei kimyakimya. Wakala akiulizwa hana jibu, kwa kuwa yeye hukabidhi tu kile ambacho mashine imemtolea. Mtoto naye hana kosa. Wala hakuna ofisa yeyote, awe Tukuyu, Mbeya au Dodoma, aliyeketi asubuhi hiyo akaamua kwamba nyumba ile ipate uniti moja na ushei. Uamuzi ulikwisha kufanywa zamani, ukaandikwa kama kanuni, na kanuni hiyo sasa inajiendesha yenyewe katika kila nyumba yenye mita ya LUKU.

Mazungumzo haya yanahusu kanuni za namna hiyo: jinsi zinavyoandikwa, jinsi zinavyosafiri hadi kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani, na mahali zinapoweza kumwonea mtu bila yeyote kukusudia kumwonea. Umeme ndiyo huduma ambayo kila kaya inaifahamu, kwa hiyo umetumika hapa kuwa mfano. Lakini katika baadhi ya vijiji nchini tayari vipo vituo vya kuchotea maji ambavyo mwananchi hulipia kwanza, na bomba hufunguka na kufunga lenyewe kwa mantiki hiyo hiyo. Anayeielewa mita ya umeme leo hatahangaika sana siku bomba la aina hiyo litakapofika mtaani kwake.

Agizo linalojiendesha si jambo geni kwa watu wa Rungwe. Mzazi anayesafiri kwenda Mbeya, akiwa ameacha maharage yameanikwa uani, huwaachia watoto neno: wingu likitanda mlimani, kama maharage bado yako nje, anueni. Agizo hilo fupi lina sehemu tatu. Kuna tukio, yaani wingu kutanda. Kuna sharti, yaani maharage kuwa nje. Kuna tendo, yaani kuanua. Mzazi hana haja ya kupiga simu kila baada ya saa moja kuuliza hali ya hewa. Amekwisha kuamua mapema, na utekelezaji ameuacha kwa walio karibu na maharage. Katika wilaya ambayo mvua haiombi ruhusa kwa mtu, maagizo ya namna hiyo yameokoa magunia mengi. Hata hivyo, mtoto mtiifu kupita kiasi ataanua maharage na kuyaacha mahindi yaloe, kwa sababu mahindi hayakutajwa. Mtoto wa kawaida angeongeza akili yake mwenyewe. Mashine haiongezi.

Wataalamu wa kompyuta walilichukua wazo hilo wakalifanya kuwa fani kamili. Mwaka 2001, Morris Sloman na wenzake wa Imperial College London walichapisha lugha ya kuandikia kanuni za mifumo iliyotawanyika, wakaiita Ponder. Ndani yake walitenganisha kanuni za ruhusa, zinazosema nani anaweza kufanya nini, na kanuni za wajibu, zinazosema nini lazima kifanyike pakitokea jambo fulani. Shabaha ilikuwa kumwondolea msimamizi wa vifaa maelfu kazi ya kukitembelea kimoja kimoja. Yeye abadilishe kanuni mahali pamoja, na vifaa vitii vilipo. LUKU ni ya zamani kuliko lugha hiyo na haikujengwa kwayo, lakini imesimama juu ya fikra ile ile.

LUKU, kama jina lake linavyofafanua, ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na iliingia nchini miaka ya 1990. Utaratibu wa kiufundi unaoziongoza mita zake, unaojulikana kwa kifupi cha STS, ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikitafuta njia ya kufikisha umeme katika mamilioni ya nyumba ambazo hazikuwa na simu, hazikuwa na anwani za kupelekea bili, na wenyewe hawakuwa na akaunti benki. Swali lililowakabili wahandisi lilikuwa gumu: kisanduku kilichoko mbali, kisicho na waya wowote wa kuwasiliana na ofisi, kitajuaje kwamba mwenye nyumba amelipa?

Jibu lao lilikuwa tarakimu 20. Mita nyingi za LUKU hazizungumzi na ofisi hata leo. Zinapokea tu. Kinachoziunganisha na mitambo ya TANESCO ni vidole vya mkazi anayesimama mbele ya kibonyezo, taa ya simu mkononi, akisoma namba nne nne kutoka kwenye karatasi au ujumbe. Mkazi huyo anadhani anaingiza umeme. Kwa hakika anabeba barua iliyofungwa kwa siri kutoka ofisini kwenda kwenye mita yake, na ndani ya barua hiyo kuna kiasi cha uniti, wakati tokeni ilipotengenezwa, na alama ya kuthibitisha kwamba haikughushiwa. Kila mita ina ufunguo wake wa siri. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali, na ndiyo maana tokeni iliyokwisha kutumika hukataliwa: mita inakumbuka.

Si kila tokeni hubeba uniti. Zipo zinazobeba maelekezo matupu: badili ufunguo, weka kikomo cha mzigo wa umeme, futa alama ya kwamba mita ilifunguliwa. Hapo ndipo ilipo nguvu halisi ya utaratibu huu. Ofisi inaweza kubadilisha mwenendo wa mita iliyoko Msasani bila fundi kupanda pikipiki, mradi mwenye nyumba abonyeze namba alizopewa.

Wakazi wengi walishiriki katika zoezi kubwa la aina hiyo mwaka 2024, pengine bila kuelezwa vya kutosha maana yake. Mtu alinunua umeme kama kawaida, akapokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Akaambiwa aingize la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, kwa mpangilio huo huo. Uvumi haukukawia: kwamba mita zinawekewa mtambo wa kuchunguza watu, kwamba bei inapandishwa kwa mlango wa nyuma. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa, na kwa kweli inapendeza kuijua. Mita za STS huhesabu wakati kwa dakika, na hesabu hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ndani ya tokeni inatosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Dakika ya mwisho iliangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita isiyohuishwa isingeweza kutambua tokeni mpya, hata kama mwenyewe amelipa. Dawa ilikuwa kuzipa mita funguo mpya na kuanza hesabu upya, safari hii kuanzia mwaka 2014. Makundi mawili ya kwanza yalikuwa ufunguo; la tatu lilikuwa umeme wenyewe.

Zoezi hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Kenya ilifanya vivyo hivyo, na Afrika Kusini pia, kwa kuwa mita za utaratibu huu duniani ni makumi ya mamilioni. Hakuna shirika lenye mafundi wa kutosha kugonga mlango wa kila nyumba kwa kazi kama hiyo. Wananchi wenyewe ndio waliokuwa mafundi, pamoja na bibi aliyemwita mjukuu amsomee namba.

Mpangilio huu una faida ambayo haionekani mpaka siku ya shida. Mwezi Mei 2021, mfumo wa mauzo ya LUKU ulipata hitilafu iliyodumu siku kadhaa nchini kote. Kununua kwa simu na kwa mawakala kukakwama, na watu wakapanga foleni katika ofisi za TANESCO. Lakini aliyekuwa na uniti ndani ya mita yake aliendelea kuwasha taa, kwa sababu mita haihitaji ruhusa ya makao makuu kwa kila dakika. Ilikwisha kupewa mamlaka ya kuhesabu na kutoa mpaka uniti ziishe. Laiti kila mita ingekuwa inauliza kituo kimoja kabla ya kuwasha, siku hizo nchi nzima ingelala gizani. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba uniti zikiisha saa nane usiku, mita hukata saa nane usiku. Haiulizi kama ndani kuna mgonjwa.

Sasa ni vema kuingia katika fedha, mahali ambapo kanuni hizi zinamgusa mtu mfukoni.

Bei ya umeme haipangwi na mita wala na wakala. Inaidhinishwa na EWURA. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, mteja wa majumbani mwenye matumizi madogo, katika kundi linaloitwa D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi; akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kundi la kawaida, T1, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya hizo huongezwa asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hiyo uniti moja ya D1 inamfikia mkazi kwa shilingi 122, na ya T1 kwa takriban shilingi 356.

Kutokana na hesabu hiyo, mkazi yeyote anaweza kujua yuko kundi gani bila kumuuliza mtu. Achukue risiti yake, atoe makato ya kodi ya majengo kama yapo, kisha fedha iliyobaki aigawe kwa idadi ya uniti. Jibu likikaribia 122, yuko D1. Likikaribia 356, yuko T1. Likiangukia katikati, huenda ni D1 aliyevuka uniti 75 ndani ya mwezi huo, kwani uniti moja ya ziada humfikia kwa shilingi 427. Kwa shilingi 1,000 tupu, D1 hupata uniti 8.2, na T1 uniti 2.8. Tofauti hiyo ni mlo wa kaya.

Nia ya kundi la D1 ni njema: kumpunguzia mzigo mwenye kipato kidogo. Lakini mita haioni kipato. Inaona uniti. Na hapa Tukuyu, kama ilivyo katika miji mingi midogo, nyumba nyingi za kupanga zina mita moja kwa wapangaji watatu au wanne. Chukua mfano wa kaya nne, kila moja ikitumia uniti 25 kwa mwezi kwa taa, redio, simu na pasi ya Jumapili. Kila kaya peke yake ni ya matumizi madogo sana, theluthi moja tu ya kikomo. Zikijumlishwa kwenye mita moja zinafika uniti 100, na kwa macho ya mfumo hiyo ni nyumba moja inayotumia umeme mwingi. Ikiwekwa T1, wapangaji hao wanne kwa pamoja watalipa takriban shilingi 35,600 kwa mwezi. Kila mmoja angekuwa na mita yake ndani ya D1, jumla yao ingekuwa shilingi 12,200. Kanuni iliyoandikwa ili kumlinda mnyonge inamtoza mnyonge karibu mara tatu, kwa kosa la kuishi chumba kimoja nyumba moja na wanyonge wenzake. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kanuni ilitaja mita, haikutaja watu, kama vile agizo la mzazi lilivyotaja maharage likasahau mahindi.

Zipo pia nyakati ambapo kanuni mbili njema hugongana. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Katika Rungwe, ambako misitu ya mlima inalinda vyanzo vya maji vya watu wengi, hakuna wa kulipinga lengo hilo. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa karibu nusu uniti. Likitumika kila siku, ni uniti 15 hivi kwa mwezi. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 65 na kukaa salama ndani ya D1 sasa inafika 80. Mkakati mmoja unamwambia mama aache mkaa. Kikomo cha uniti 75 kinamtoza bei ya juu kwa kutii. Wataalamu wa fani hii wanasema wazi kwamba kanuni zikigongana, mashine haiwezi kusuluhisha kwa busara. Lazima mtu aliyeziandika aseme mapema ni ipi itangulie. Suala hilo ni la wapanga sera, na mwananchi ana haki ya kulisema katika mikutano ya maoni ambayo EWURA huiitisha kabla ya bei kubadilishwa. Pasipo sauti za watu wa kata kama hii, mikutano hiyo huishia kusikiliza wenye viwanda.

Sasa zile uniti 1.4.

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Majengo ya ghorofa yana kiwango chake kikubwa zaidi. Mwezi ukipita bila kununua umeme, kodi haipotei, inasubiri. Nyumba iliyofungwa miezi mitatu, pengine kwa sababu wenyewe walikwenda kumuuguza ndugu Kyela, itakapofunguliwa itadaiwa shilingi 4,500. Kati ya zile shilingi 5,000 zitabaki 500, na shilingi 500 za mteja wa T1 ni uniti 1.4. Mtoto hakupitia dukani.

Kwa upande wa ukusanyaji, utaratibu huu umeondoa kero nyingi. Hakuna tena mgambo wa kufuata wadaiwa, hakuna foleni, hakuna risiti ya kupotea, na tajiri na maskini hukatwa bila kupendelewa. Sifa hizo ni za kweli na zinastahili kutajwa. Ugumu unatokea pale ambapo jengo na mita si kitu kimoja. Kodi hii ni ya jengo, na anayewajibika kisheria ni mwenye jengo. Lakini anayebonyeza tokeni, mara nyingi, ni mpangaji. Yeye ndiye anayelipa kwanza, na kurudishiwa kwake kunategemea maelewano na mwenye nyumba. Mpangaji mwenye busara hutunza ujumbe wa kila ununuzi, kwa sababu makato ya kodi huonyeshwa humo, na mwisho wa mwaka huketi na mwenye nyumba wakapunguza kwenye pango. Mwenye nyumba mwungwana hasubiri kukumbushwa.

Nyumba yenye mita mbili au tatu inahitaji uangalifu zaidi. Jengo ni moja, kwa hiyo kodi yake ni moja. Endapo wapangaji wawili wa jengo hilo hilo, kila mmoja na mita yake, wote wanaona makato ya shilingi 1,500, mfumo umeihesabu nyumba mara mbili. Haukudanganya. Uliambiwa kwamba mita hizo ni za majengo mawili, ukaamini. Kosa limo katika daftari, na litaendelea kukata kila mwezi mpaka daftari lirekebishwe na mtu.

Hali ya wazee inastahili kuangaliwa kwa jicho la pekee. Sheria inatoa msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba ya makazi ambayo mmiliki mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anaishi humo mwenyewe. Msamaha huo upo. Lakini mita haijui umri wa mtu. Mzee aliyetimiza miaka 60 mwezi uliopita ataendelea kukatwa mwezi huu, na ujao, na mwakani, kwa sababu kutimiza umri si tukio ambalo mfumo unaliona. Lazima mtu aende kuliandikisha. Haki iliyomo kwenye sheria haimfikii mwenye nayo mpaka iingizwe pia katika kumbukumbu ambazo mashine inazisoma. Hilo ni jukumu la vijana kuliko wazee wenyewe; mzee anayekaa mwisho wa njia ya utelezi hatajua kwamba shilingi 18,000 zinazokatwa kwa mwaka hazikupaswa kukatwa, kama mjukuu anayemsomea tokeni hatamwambia.

Pa kuanzia ni ofisi ya mtendaji wa kata. Mzee, au anayemwakilisha, aende na kitambulisho cha taifa, namba ya mita, na hati au barua inayoonyesha kwamba nyumba ni yake. Apate barua ya utambulisho, kisha suala lipelekwe kwa wanaosimamia kodi hiyo. Mwenye jengo lililohesabiwa mara mbili aende na namba za mita zote na ujumbe wa manunuzi unaoonyesha makato. Anayedhani amewekwa katika kundi la bei lisilo lake awasiliane na TANESCO, ofisini au kwa simu namba 180, akiwa na hesabu ya matumizi yake ya miezi michache. Malalamiko yasiyo na namba ya mita hayafiki popote, kwa kuwa mfumo haumjui mtu kwa jina lake la mtaani.

Ofisi za umma nazo zina wajibu upande wao. Kanuni inayojiendesha inahitaji mlango wa kibinadamu ulio wazi: ofisa anayeweza kuisimamisha, kuirekebisha, na kujibu kwa maneno yanayoeleweka. Jibu la kwamba "mfumo ndivyo unavyosema" si jibu la ofisa wa umma. Mfumo husema ulichoambiwa, na mwananchi amekuja ofisini kwa sababu anaamini uliambiwa vibaya. Ofisa anayetoa jibu hilo amejigeuza kuwa mita ya pili.

Jambo la mwisho ni mita janja, ambazo TANESCO imeanza kuzifunga katika baadhi ya maeneo. Tofauti yake na hizi za sasa ni kwamba zenyewe huzungumza na ofisi. Mkazi akinunua umeme, uniti huingia bila kubonyeza chochote, na ofisi huona matumizi na hitilafu bila kutuma mtu. Raha hiyo ni kubwa, hasa kwa wasioona vizuri na kwa nyumba ambazo mita imewekwa juu ya nguzo. Lakini vidole vya mkazi vilikuwa pia kituo cha ukaguzi. Mwaka 2024 kila mtu aliona makundi matatu ya namba, akauliza, akanung'unika, akapata maelezo. Kanuni ikibadilishwa kwa njia ya mawasiliano ya mita janja, hakuna anayeona kitu. Kwa hiyo taarifa ya kila badiliko, iwe ni kundi la bei au kikomo cha mzigo, lazima imfikie mteja kwa ujumbe kabla ya badiliko kuanza, na kwa Kiswahili cha kawaida. Hilo ni dai la haki na wakazi wa Msasani wasione haya kulitoa mbele ya diwani wao.

Mita hizo zikifika katani, siku ya kubadilishiwa mkazi aandike kwenye daftari lake namba ya mita ya zamani, namba ya mita mpya, na uniti zilizokuwa zimebaki kwenye ile inayoondolewa, kabla fundi hajaifungua. Apige na picha kama simu inaruhusu. Wiki ile ile anunue umeme wa shilingi 1,000 au 2,000 tu, kisha afanye ile hesabu ya kugawa, aone kama amebaki katika kundi lake.